Bwana afya kugonga mlango usiku wa manane?

SWALI: Habari mhariri, nimesikia eti Uingereza enzi za mfalme Edward VII (1901-1910) mabwana afya walikuwa wanaingia nyumba za wafanyakazi usiku watu wamelala, ni kweli au chumvi tu?

JIBU: Kweli kabisa ndugu, hasa Glasgow kule Scotland. Vyumba vidogo vya kupanga vilibandikwa kibati mlangoni kinachosema chumba kina ukubwa gani na wanaruhusiwa kulala watu wazima wangapi, sasa mkaguzi anakuja usiku maana mchana wote wako kazini atamhesabu nani? Basi watu wakisikia mlango unagongwa wanajificha kabatini, chini ya kitanda, wengine mpaka juu ya paa, na baridi ile ya Scotland jamani! Mi nawaelewa, kodi ilikuwa nzito bila kuweka mpangaji mwingine ndani hailipiki.

Makazini nako kulikuwa na sheria ya viwanda ya 1901, kila mfanyakazi apate angalau futi za ujazo 250 za hewa, na wakifanya kazi muda wa ziada ziwe futi 400. Wanaoshonea nguo nyumbani, tajiri alitakiwa apeleke orodha ya majina yao halmashauri mara 2 kwa mwaka ili wakaguzi wajue pa kwenda, maana shati linaweza kushonwa chumba hichohicho alicholala mgonjwa wa homa halafu linaenda dukani. Wakaguzi wanawake pia walikuwepo, ila wachache mno.