Gia Nzito Kwenye Mazda MX-5 ya Zamani: Chunguza Liva Kabla ya Kushusha Giaboksi

Mazda MX-5 ya toleo la kwanza, ile yenye taa za mbele zinazoinuka, ilizinduliwa Chicago mwezi Februari 1989, na huko Japani iliuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Sifa yake kubwa ni wepesi wa gia. Ndiyo maana gia zinapoanza kuwa nzito au kugandia njiani, mwenye gari hushtuka, na fundi asiyeifahamu vizuri huwa mwepesi wa kumtajia bei ya kushusha giaboksi nzima. Mimi natunza gari la aina hii hapa Uingereza, ambako asubuhi za baridi hufichua kila udhaifu wa mafuta na raba, na ushauri wangu ni kwamba giaboksi isiguswe mpaka liva (mkono wa kubadilishia gia) na klachi zichunguzwe.

Kipimo cha kwanza hakihitaji spana. Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, zima injini, kisha kanyaga klachi na uingize gia zote moja baada ya nyingine. Gia moja ikigoma, sukuma gari kidogo ujaribu tena, kwani huenda meno yamekutana ncha kwa ncha tu. Baada ya hapo washa injini na urudie. Ikiwa gia zilikuwa laini injini ilipozimwa lakini sasa zinagoma, au rivasi inasaga, basi klachi haiachii sawasawa. Ikiwa ugumu ni ule ule katika hali zote mbili, sababu iko kwenye liva au ndani ya giaboksi.

Upande wa klachi hauna mengi. Silinda ya chini, inayosukuma klachi kwa nguvu ya mafuta na iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi, inajulikana kwa kuvuja katika magari haya. Vuta kidogo raba yake ya kuzuia vumbi. Mafuta yakichuruzika, sili imekwisha. Badilisha silinda pamoja na mpira wake wa mafuta, kisha toa hewa iliyobaki ndani ya mfumo wa mafuta ya klachi. Kuongeza mafuta juu kila wiki si matengenezo.

Penye mambo ni kwenye liva. Katika gari hili liva haiunganishwi na giaboksi kwa vyuma virefu kama ilivyo kwenye magari mengi ya injini ya kukingama (iliyolala kwa upana wa gari), bali huingia moja kwa moja juu ya giaboksi, ndani ya kikombe kidogo cha chuma chenye mafuta yake. Mafuta hayo ni kama mililita 90 tu na hayachanganyiki na yale ya giaboksi, kwa hiyo mtu anaweza kumwaga mafuta ya giaboksi kila mwaka huku kikombe hicho kikiwa kikavu kwa miaka mingi. Hili ndilo jambo ambalo mafundi wa jumla hulipita, na si kwa uzembe, kwa kuwa magari mengi hayana kitu cha namna hiyo.

Ili kukifikia, weka gia huru, zungusha kirungu cha liva ukitoe, ondoa konsoli ya katikati, kisha fungua raba kubwa ya juu. Kabla ya kuendelea, futa uchafu wote unaouona, maana mchanga ukidondokea humo utasaga kila kitu. Chini kuna raba ndogo na boliti tatu zinazofunguka kwa spana ya 10; zikitoka, liva huinuka yote mkononi. Tazama ncha yake: kuna kikombe cha nailoni ambacho, kikichakaa, hupasuka au kubaki vipande, na hapo liva huwa nzito na yenye mchezo kwa wakati mmoja. Nyonya mafuta ya zamani kwa bomba la sindano; aghalabu ni tope jeusi lenye harufu kali. Weka mapya ya gia ya 75W-90 (kipimo cha uzito wa mafuta), paka grisi kwenye gololi ya liva, na ufunge raba mpya zote mbili. Usirudishe raba iliyopasuka kwa kuona inafaa bado. Ya chini ndiyo inayozuia mafuta yasitoke, na ya juu huzuia joto na kelele za chini ya gari, ambazo utazihisi pajani safari ikiwa ndefu.

Liva ikiwa nzima na ugumu ukibaki, badilisha mafuta ya giaboksi: lita 2 za 75W-90, nami huchagua ya daraja la GL-4 kwa sababu ni salama kwa sinkronaiza za shaba, yaani pete zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingia. Fungua kwanza boliti ya kujazia ndipo ya kumwagia, usije ukabaki na giaboksi tupu isiyojazika. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ya boliti si tatizo. Vipande vya chuma ni tatizo. Gia ya pili kuwa ngumu katika kilomita za mwanzo wakati wa baridi ni tabia ya gari hili, basi usiilazimishe.

Lakini ikiwa gia ya pili inasaga hata gari likiwa limepata moto, na klachi ni nzima, sinkronaiza imekwisha na giaboksi haina budi kushuka. Wengi hununua iliyotumika badala ya kukarabati, nami naona ni uamuzi wa busara, ila uibadilishe sili zake na kikombe cha nailoni cha liva ikiwa bado iko mezani, kabla haijapanda.