Bilani inanikulia futing, nifanye nini?

*Yaya, jambo. Miye niko kontable mu kampuni moja hapa Lubumbashi, minaikala Katuba. Nilianza futing mwaka jana mwezi wa tano, nilikuwa nakimbia siku sita kwa juma, nikafika ata kilometa kumi bila kusimama. Sasa Januari imeingia na bilani yake, ile kazi ya kufunga hesabu za mwaka, tunatoka ku biro saa mbili ya usiku, siku zingine saa tatu. Juma mbili hizi nimekimbia mara moja tu, na ile mara moja nilikuwa kama muntu amebeba mufuko wa simenti ku mugongo. Bibi yangu anasema niache kwanza, nitaanza tena mwezi wa tano. Ao nijilazimishe kuamuka saa kumi ya usiku? – Kontable wa Katuba*

Mudogo yangu, bibi yako anakupenda na mimi sitaki vita naye, lakini hapa hapana. Unajua kalenda kunipita: na hizi kanuni za OHADA, ule muungano wa inchi za Afrika zenye ziko na sheria moja ya biashara, inchi yetu iko ndani tangu 2012, hesabu zinafungwa tarehe 31 Desemba na kampuni iko na miezi mine ya kuzitengeneza, ni kusema mpaka mwisho wa Aprili. Miezi mine bila kukimbia haiko mapumuziko tena, ni kuacha. Pumzi inaanza kushuka kisha juma mbili hivi, na mwezi wa tano utaanza karibu pale ulianzia mwaka jana. Ule mufuko wa simenti nao usikuogopeshe sana, nusu yake ni usingizi wenye unakosa.

Kuko mwalimu mumoja wa Marekani, Robert Hickson, wa universite ya Illinois kule Chicago, alitafuta hii jibu yako miaka ya 1980. Alikamata bantu, akabazoeza siku sita kwa juma, dakika 40 kila siku, kwa juma 10, ni kama weye tu. Kisha akapunguza siku, bamoja bakabakia na ine, bengine na mbili, juma 15 nzima, na pumzi haikushuka. Mara ingine akaacha siku sita lakini akakata dakika, 26 ao 13 tu, pumzi ikabakia, ila bale ba dakika 13 walianza kuchoka mbio ku kazi ya murefu. Mwaka 1985 sasa akaacha siku na dakika vile vile, akapunguza nguvu peke yake, yaani bakuwe banaenda pole pole. Pale njo pumzi ilianguka.

Unaona kosa lenye sisi wote tunafanya? Tukichoka na kazi tunasema acha nikimbie pole pole tu, kidogo kidogo, kila siku. Ni kinyume! Kata siku ao kata dakika, lakini mwendo usiuguse. Ila ujue alikuwa anakata kitu kimoja kwa mara, kwa hiyo usikate vyote mara moja ukasema ni Yaya alinituma.

Kwako mimi ningesema siku mbili mu juma na moja ya wikendi, bas. Siku moja ya katikati iwe ya nguvu: dakika 10 za kupasha mwili, kisha dakika mbili unakimbia mpaka hauwezi kuongea, mbili unalegeza, hivyo mara tano, na dakika tano za kurudi. Ni dakika 35, ata shefu hatajua. Siku ya pili kimbia tu vile mwili unataka. Jumamosi ao Jumapili ukiamuka vizuri fanya saa moja nzima, hii njo italinda zile kilometa kumi zako.

Kuhusu saa kumi ya usiku: ukitoka biro saa tatu, ukule bukari, ulale saa tano, alafu uamuke saa kumi kukimbia, utalala juu ya kompita na utaandika sufuri moja ya zaidi mu hesabu ya bantu. Januari jua letu linatoka karibu saa kumi na mbili, ngojea mwangaza. Usiku nao usijaribu na mvua hizi. Mimi Februari moja nilikimbia kisha mvua, maji imefunika barabara yote, nikaona ni sawasawa kumbe kanivo ilikuwa wazi haina kifuniko, muguu ukaingia mpaka mu goti, na kifundo kikavimba kama embe. Juma tatu bila futing, na ile haikukuwa hata kosa la kazi.

Neno moja kuhusu viatu, juu najua Katuba na ule udongo mwekundu. Vikilowana usiviweke kando ya mbabula, gundi inaachia na soli inafungua kinywa. Toa semeli, jaza magazeti ya zamani ndani, badirisha magazeti mbele ya kulala, asubui viko karibu vimekauka.

Na bibi yako umuambie siku zenyewe mapema, Jumapili ya mangaribi, asikuwe anagundua mulango unafunguka asubui.

*Yaya, nikikimbia asubui bila kula kitu nitaanguka? – Mama wa Kamalondo*

Mama, kwa muntu muzima wa afya, dakika 30 ao 40 za kawaida haina shida, musuli iko na akiba yake ya jana. Kunywa maji tu mbele ya kutoka. Lakini kama uko na sukari na unakamata dawa zake, hapo uliza kwanza munganga wako, usiniulize mimi. Na kama ni ile siku ya nguvu, ndizi moja haijamuua muntu.