Swichi ya kukata umeme: mota haizimi

Kaka, unasema gari yako ya mashindano hapo Lubumbashi inaendelea kunguruma hata ukikata swichi kuu. Hiyo ni swichi ya miguu 2 (miguu ni sehemu za kufunga waya): inakata batri tu, alternateri, ile jenereta ya gari, inaendelea kulisha koili inayotoa cheche za plagi. Hatari kubwa hiyo!

Nunua ya miguu 6. Miwili minene ni ya waya wa batri, miwili inakata koili. Miwili ya mwisho inamwaga umeme wa alternateri kwenye bodi ya gari kupitia rezista (kipinga umeme) ya omu 3, wati 11. Bila hiyo diodi za ndani ya alternateri zinaungua.

Chagua yenye kifuniko cha mpira, maana vumbi letu jekundu linakula shaba ndani. Ukipiga stata, pima kati ya miguu minene: ikizidi volti 0.2, itupe.