Tazameni Dari Kwanza: Kwa Wanaoanza Kusoma Machimbo ya Mawe ya Chini ya Ardhi

Siku yangu ya kwanza ndani ya machimbo ya zamani ya Box, katika jimbo la Wiltshire nchini Uingereza, nilijaza daftari kwa vipimo vya sakafu: upana wa njia, umbali kati ya nguzo na nguzo, kina cha michirizi ya magurudumu. Jioni niligundua kwamba hakuna hata kipimo kimoja kilichonieleza jinsi jiwe zito lilivyotolewa ukutani. Kwa hiyo ninyi mnaoanza somo hili nawashauri jambo nililolijua kwa kuchelewa: inueni taa, mtazame dari kwanza.

Wachimbaji wa jiwe la Bath, yaani jiwe la chokaa la eneo hili lililopewa jina la mji wa Bath, walianza kazi juu, wakashuka chini. Kwa sululu walichonga mwanya mwembamba wa ulalo chini kidogo ya dari, wakibadilisha sululu kwa nyingine yenye mpini mrefu zaidi kadiri mwanya ulivyozidi kuingia ndani. Mwanya huo ulitenganisha jiwe na dari, hivyo dari iliyolegea iliweza kujulikana kabla jiwe halijaondolewa, na pia ulimpa mkataji pa kuanzishia msumeno. Msumeno ulishuka wima kutoka hapo, huku maji yakidondoka kutoka kwenye kopo ili kurahisisha mkato. Jiwe hili la chokaa huwa laini likiwa bado na unyevu wa ardhini, ndiyo maana msumeno wa mkono ulitosha.

Nyuma ya jiwe la kwanza, hata hivyo, hapakuwa na nafasi ya msumeno. Jiwe hilo lilibanduliwa kwa kabari na mitaimbo, na mgongo wake ukatoka umevunjika ovyo. Ndipo mtu alipoweza kuingia katika pengo lake na kukata migongo ya mawe yaliyofuata. Mkiona sehemu moja ya ukuta iliyoparuzika katikati ya nyuso zilizokatwa sawasawa, chunguzeni kama ndipo lilipotoka jiwe la kwanza, kisha jaribuni kupanga mfuatano wa kazi kuanzia hapo.

Kwetu pwani tofali la jiwe la matumbawe hubebwa na mtu mmoja, kwa hiyo ni rahisi kusahau kwamba mita moja ya ujazo ya jiwe la Bath ina uzito wa takriban tani 2. Jiwe la namna hiyo halishikiki kwa kamba tu wakati pande zake bado zimebanwa na mwamba. Jawabu lilikuwa chuma cha vipande 3. Tundu lilichongwa jembamba mdomoni na pana tumboni; vipande viwili vya pembeni, vilivyo vinene upande wa ndani, viliingizwa kimoja baada ya kingine, kisha cha tatu, kilichonyooka, kikashindiliwa katikati ili kuvisukuma kando, na pini ikapitishwa katika vyote pamoja na pingu ya mnyororo. Mnyororo ulipovuta, vipande havikuweza kutoka kwa sababu tumbo la tundu lilikuwa pana kuliko mdomo. Msitafute tundu hilo upande wa juu wa jiwe peke yake, kwa maana jiwe lilivutwa kwanza kutoka ukutani kabla ya kuinuliwa, na tundu la kuvutia lilichongwa usoni. Tulipojaribu wenyewe darasani kwa jiwe dogo, tulilichonga tundu karibu mno na ukingo, na kona nzima ikang'oka; tangu siku hiyo huwa napima umbali wa kila tundu kutoka ukingoni.

Mnyororo ulivutwa na winchi, ya mbao hapo awali na ya chuma baadaye, na hapa ndipo dari inapojibu maswali mengi. Juu ya ardhi winchi huhitaji kamba au miguu ya kuizuia isianguke, lakini chini ya ardhi nguzo yake ilisimamishwa kati ya sakafu na dari, ncha ya juu ikizunguka mahali palipokazwa darini, na gia zikawawezesha watu wachache kuinua mzigo mkubwa polepole. Uso wa kazi uliposogea, winchi nayo ilihamishwa. Chora ramani ya alama hizo za darini, na utapata njia ambayo kazi iliifuata.

Usafirishaji una maelezo mengi vitabuni, nami nitaupitia kwa ufupi. Ndani farasi walivuta matoroli juu ya reli, na pale Box mawe mengine yalipandishwa kupitia shimo kubwa la wima. Upande wa Combe Down, karibu na mji wa Bath, mmiliki wa machimbo Ralph Allen alijenga mwaka 1731 reli ya mbao iliyoteremsha mabehewa hadi mto Avon kwa uzito wake yenyewe, breki zikiyazuia, na farasi wakiyarudisha matupu. Baadaye handaki la reli la Box, lenye urefu unaokaribia kilomita 3 na lililofunguliwa mwaka 1841, liliyapa machimbo ya eneo hilo njia ya kufika mbali.

Mkikuta mawe yaliyokatwa na kupangwa vizuri ndani ya njia, msiandike haraka kwamba yalitelekezwa. Jiwe bichi lililotolewa wakati wa baridi kali lingepasuliwa na unyevu wake ukiganda, kwa hiyo lilihifadhiwa chini ya ardhi likisubiri majira ya joto.