Muvi za kutisha za kwenye skrini: maswali yenu

Wiki iliyopita niligusia kidogo zile muvi ambazo mwanzo mpaka mwisho unaangalia skrini ya kompyuta ya mtu, wanachati, wanapigiana vidio koli, halafu wanaanza kufa mmoja mmoja. Maswali yamekuja mengi kuliko nilivyotegemea, nimechukua haya, yaliyofanana nimeyaunga.

Kaka mambo, hizi muvi zina jina? Na nani alizianzisha? (wa Ubungo)

Poa. Jina lililoshika ni skrinilaifu, yaani maisha ya kwenye skrini, na anayelipigia debe kuliko wote ni Timur Bekmambetov, prodyuza mzaliwa wa Kazakhstan. Kuanzisha ni habari nyingine, maana 2002 Mmarekani Michael Costanza alishatoa The Collingswood Story, watu wanaongea kwa webkamu, ila watu hawakuishtukia. Iliyofungua mlango ni Unfriended, Bekmambetov mmoja wa maprodyuza, ilionyeshwa kwanza 2014 ikaingia kumbi za sinema 2015, bajeti kama dola milioni 1, ikarudisha zaidi ya milioni 60. Kwa hesabu hiyo wengine wasingefuata?

Mi niliiangalia hiyo Unfriended nikalala. Kinachotisha ni nini hapo, watu wamekaa tu kwenye viti? (wa Tanga)

Ulilala kwa sababu ulikuwa unasubiri jini litokee nyuma ya pazia. Pale inabidi usome ndugu yangu. Angalia yule dada mwenye laptopu, anaandika sentensi, anasita, anafuta, anaandika nyingine ya uongo, anatuma. Aliokuwa nao kwenye koli wanaona uongo tu, wewe umeona na ukweli uliofutwa. Halafu kwenye koli kuna akaunti moja haina picha, hawajui ni ya nani, wanajaribu kuitoa haitoki, na mwenzao mmoja ametulia tuli mbele ya kamera, wanasema mtandao umeganda, kumbe mtandao uko poa kabisa.

Hiyo akaunti ni ya mzimu, na marehemu hakuwa mgeni kwao. Ni Laura Barns, walikuwa marafiki zake, vidio yake ya aibu iliwekwa mtandaoni, akatukanwa mpaka akajiua. Mzimu ni wa kubuni lakini lile grupu la marafiki wanaocheka mbele yako na kusambaza nyuma yako nadhani wote tunalijua.

Kwangu mimi bora zaidi ni Searching ya 2018, ya Aneesh Chaganty, haina mzimu hata mmoja, na wengine watasema hata si ya kutisha, sawa. Baba kafiwa na mke, anamwandikia binti yake kwamba anajivunia, anaongeza na mama yako naye angejivunia, mshale unapepesa pale mwisho wa sentensi, anaangalia, anaufuta ule mstari wa mama. Basi. Hajalia, hajasema kitu, ila mi nilisimamisha muvi nikaenda kunywa maji. Halafu binti anapotea, baba anafungua kompyuta ya binti ndo anagundua hamjui mwanaye.

Ndo maana pia hizi hazifai kutafsiriwa kama tulivyozoea kwenye vibanda umiza, msimulizi atasoma chati saa ngapi na kupiga stori saa ngapi.

Wanazirekodije? Ni kweli mnaweza kufanya na simu tu? (wa Kilimani, Nairobi)

Kurekodi rahisi, kuhariri ndo kilio. Searching walirekodi siku 13 tu, ila kila dirisha, kila mshale, kila meseji unayoona ilitengenezwa mezani kwa mhariri na hiyo kazi ilikula zaidi ya mwaka.

Mfano wako mzuri ni Host, ya Rob Savage wa Uingereza, 2020 katikati ya lokdauni, haifiki hata saa nzima. Waigizaji kila mtu kwao, wanashika kamera wenyewe, wanapanga taa wenyewe, marafiki wameita mganga wa mizimu kwa Zoom. Dada mmoja aliweka bakgraundi ya vidio inayomwonyesha yeye mwenyewe akiingia chumbani, ikifika mwisho inaanza upya. Baadaye wenzake wanaona anaingia chumbani, anaingia tena, anaingia tena, na mbele ya hiyo vidio ndo yupo mwenyewe, hali yake siisemi. Dola hazihitajiki hapo, akili tu.

Ni kweli mtu anaweza kuniangalia kwa kamera ya laptopu bila taa kuwaka? (wengi)

Imeshawahi kuwezekana. 2013 watafiti wa Johns Hopkins walionyesha kwenye Mac za zamani, kompyuta za Apple, zilizotoka kabla ya 2008, kamera inawashwa na kataa kake kamezimwa. Ila kesi maarufu ya mwaka huohuo, ya mrembo wa Marekani, Miss Teen USA Cassidy Wolf, aliyemhaki na kumpiga picha kwa kamera yake mwenyewe alikuwa kijana aliyesoma naye shule. Akafungwa miezi 18. Kwahiyo bandika plasta, haina gharama, Zuckerberg mwenyewe wa Facebook alionekana kabandika 2016, lakini jiulize na yule fundi uliyemwachia simu siku mbili na paswedi ukamwandikia kwenye karatasi.

Anko shikamoo, mama anasema kuna Momo anaingia kwenye simu za watoto, ni kweli? (miaka 13, Morogoro)

Marahaba. Si kweli, mwambie mama atulie. Ile sura ya kutisha inayozungushwa kwa jina la Momo ni sanamu ya Mjapani Keisuke Aiso, iliwekwa kwenye maonyesho Tokyo 2016, baadaye ikaoza akaitupa. Kilichozunguka ni fowadi za WhatsApp za wazazi. Na hizo muvi za juu subiri kwanza ukue.

Kaka usitaje jina. Kuna mtu ana picha zangu anataka laki tatu la sivyo anazisambaza. (wa Mwanza)

Usitume hata mia. Ukilipa leo kesho anarudi na laki tano. Piga skrinishoti kila kitu kabla hujambloku, pamoja na namba yake, nenda polisi na mtu unayemwamini, Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Pia ingia StopNCII.org, bure, picha haitoki kwenye simu yako, inatengenezwa alama yake tu, Facebook na Instagram wanaitumia kuizuia. Kama uko chini ya miaka 18 tumia Take It Down, huduma kama hiyo ya picha za watoto. Na aibu ni ya kwake. Nijibu inboksi ukifika polisi.

Niangalie kwenye TV au simu? (wa Kigamboni)

Laptopu, usiku, hedifoni masikioni, peke yako. Simu weka mbali. Mi sikuiweka mbali, saa sita na robo, akaunti isiyo na picha ndo imeanza kuandika, simu yangu ikatetema mezani nikaruka mpaka chai ikamwagika. Namba ngeni. "Ile hela tuma kwenye namba hii."