Daktari, mbona kila usiku nazama?

Katika toleo lililopita niligusia usingizi kwa mistari michache tu, na barua zilizofuata karibu zote zimeuliza kuhusu ndoto za kutisha. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ina mambo yanayowahusu wengi.

SWALI: Daktari, pole na kazi. Mimi ni mama wa miaka 47, fundi cherehani. Tangu mwaka jana naota ndoto moja, na kama si hiyo basi ni ndugu yake. Nyumba inajaa maji. Yanaanzia chini ya mlango, yanapanda taratibu mpaka kifuani, mpaka shingoni, na mimi nimeng'ang'ania fremu ya dirisha lisilofunguka. Yakinifika mdomoni ndipo naamka, moyo unanienda mbio, shingo imelowa jasho. Wiki nyingine mara mbili, wiki nyingine mara nne. Nimewauliza watu maana yake, kila mmoja ana yake. Asubuhi kichwa kinaniuma, mchana nasinzia juu ya cherehani, juzi nusura nijishone kidole. Miezi minne iliyopita nilianzishiwa propranololi kwa ajili ya presha na mapigo ya moyo, na naona tangu hapo ndoto zimezidi. Je, ndoto hii inanitabiria nini? Nimesahau: mume wangu siku hizi analala chumba cha watoto, anasema mkoromo wangu haumpi usingizi.

JIBU: Dada yangu, pole sana. Barua yako ilikuwa na kurasa mbili, hapo juu imefupishwa. Maji umeyaeleza kwa ukurasa na nusu. Mkoromo umeupa mstari mmoja, tena chini ya jina lako, kama kitu kilichokuponyoka. Mimi mstari huo nimeusoma mara tatu.

Mwombe mumeo arudi chumbani kwa usiku mmoja, asilale, akusikilize. Awe na saa inayoonyesha sekunde. Wakati mzuri ni kuanzia saa tisa usiku hadi alfajiri. Asikilize kama mkoromo unakatika ghafla na kimya kinaingia: kifua kinahangaika lakini hewa haipiti. Kisha unashtuka kwa mkoromo mkubwa, unageuka, unaendelea kulala. Ahesabu kile kimya kina sekunde ngapi. Pumzi ikisimama kwa sekunde 10 au zaidi, tunaihesabu. Ikisimama hivyo mara 5 au zaidi kwa saa, na mwenyewe mchana anasinzia kama unavyosinzia wewe, huo ni ugonjwa, na una tiba.

Kwa nini saa tisa? Usingizi huenda kwa mizunguko ya dakika 90 hivi, na kila mzunguko una kipindi cha usingizi wa ndoto, ule ambao macho huchezacheza chini ya kope. Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman waliuona huko Chicago wakauandika mwaka 1953. Mwanzoni mwa usiku kipindi hicho huwa cha dakika chache tu. Karibu na asubuhi kinaweza kufika nusu saa na kuzidi. Ndiyo maana jinamizi humjia mtu kunapokaribia kupambazuka, naye akaamka anayakumbuka yote, hadi rangi ya fremu ya dirisha. Sasa, katika usingizi huo misuli hulegea kuliko wakati mwingine wowote, na ya koo imo. Koo lililo jembamba hujifunga. Oksijeni inashuka kwenye damu, ubongo unashtuka, moyo unatimka. Na ubongo huohuo ndio uliokuwa katikati ya kutunga hadithi.

Sisemi kila anayekatika pumzi usingizini huota anazama. Wengi wao hawakumbuki ndoto yoyote. Lakini nimewatibu watu waliokuwa wakiota wanakabwa, wanafukiwa mchangani, wamefungiwa sandukuni, na walipoanza kulala na ile mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ya puani, ndoto zikapungua. Kwa wengine zikakoma. Maumivu ya kichwa ya asubuhi yakaondoka nazo. Hata presha yako nayo inanitia shaka, maana kukatika kwa pumzi usiku ni moja ya mambo yanayoipandisha na kuifanya isitulie kwa dawa.

Haya, tuje kwenye dawa yenyewe. Umeona sawasawa. Propranololi ni ya jamii ya dawa zinazotuliza moyo, na kwa kuwa huyeyuka kwenye mafuta, huingia kwenye ubongo kwa urahisi. Ndoto nzito na za kutisha ni madhara yake yanayojulikana. Zipo nyingine za jamii hiyo zisizoingia ubongoni kwa wingi namna hiyo, kwa hiyo kubadilishiwa kunawezekana. Nakusihi usiiache mwenyewe. Dawa hii ikikatishwa ghafla, moyo unaweza kurudi kwa kishindo, na kuna watu wamepata maumivu makali ya kifua kwa kuitupa siku moja. Nenda kwa daktari aliyekuandikia, mwambie mambo matatu: mkoromo, usingizi wa mchana, na tarehe uliyoanza dawa. Omba upimwe usingizi. Na mpaka hapo, usimeze dawa ya usingizi wala usinywe pombe ili ulale, kwa sababu vyote viwili hulegeza koo zaidi. Lala ubavu, usilale chali.

Kwa kuwa ndoto zilikuwepo kabla ya dawa, dhana yangu ni kwamba koo ndilo lililoanza na dawa ikaongezea. Ninaweza kuwa nimekosea, na kipimo kitasema. Kuhusu kutabiri, dada yangu, sina la kukuambia kuhusu kesho. Ninalo la kukuambia kuhusu koo lako.

Wasomaji wengine wenye majinamizi mapya, tazameni nanyi kalenda ya dawa zenu. Zinazojulikana kwa jambo hili ni pamoja na efavirenzi ya virusi vya UKIMWI, meflokwini ya malaria, montelukasti ya pumu na mzio, levodopa ya Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mikono na kupunguza mwendo), na baadhi ya dawa za sonona, hizi za mwisho zikiwemo hata pale zinapoachwa kwa ghafla. Na anayechoma insulini akawa anaamka usiku kwa ndoto mbaya, ametota jasho, asubuhi kichwa kizito, apime sukari usiku huohuo anapoamka. Huenda inashuka mno akiwa amelala, na hilo halingoji miadi ya mwezi ujao.

SWALI: Mtoto wangu wa miaka 5 hukurupuka saa nne au saa tano usiku akipiga kelele, macho yako wazi, ananisukuma kana kwamba hanijui. Asubuhi hakumbuki chochote. Ni ndoto gani hii?

JIBU: Mama, hii haihesabiwi kuwa jinamizi. Saa peke yake inatosha kunielekeza: amelala muda mfupi tu, yuko kwenye usingizi mzito kabisa wa mwanzo wa usiku, na sehemu ya ubongo imeamka huku nyingine ingali imelala. Usimtikise wala usimwamshe kwa nguvu. Kaa karibu asijiumize, baada ya dakika chache atalala tena. Wengi huiacha hali hii wakikua. Mlaze mapema zaidi, maana uchovu huizidisha, na homa pia. Kama anakoroma, anajikojolea wakati huo, au anatetemeka viungo kwa mpigo, mpeleke akaangaliwe.

SWALI: Dada daktari, mume wangu ana miaka 63. Mwaka wa pili huu anapigana usingizini. Anarusha ngumi, anapiga teke, anatukana, yeye ambaye mchana hapandishi sauti. Nikimwamsha anasema alikuwa anafukuza mbwa au mwizi. Wiki iliyopita alinipiga jicho. Watu wanasema ana jambo moyoni dhidi yangu.

JIBU: Hana, dada. Naomba hilo ulishike kabla ya mengine yote, na yeye mwenyewe alisikie, kwa sababu wanaume wengi wenye hali hii hubeba aibu kubwa.

Nimesema hapo juu kwamba kwenye usingizi wa ndoto mwili hulegea. Ni kama ubongo unazima swichi ya misuli ili tusitende tunayoyaota. Kwa mumeo swichi hiyo haizimiki. Anafukuza mbwa kwelikweli, kwa mkono halisi, na wewe ndiye uliye karibu. Carlos Schenck na Mark Mahowald waliieleza hali hii mwaka 1986 huko Minnesota, na wengi wa waliowaona kwanza walikuwa wanaume waliovuka miaka 60, kama mumeo.

Miaka mingi nyuma alinijia mzee mmoja na mkewe kwa shida hiyohiyo. Nilimwambia apunguze mawazo, nikamwandikia vitamini. Alipita tena mlangoni kwangu baada ya miaka sita kwa jambo jingine, nikamwona anavyotembea: hatua fupi, mkono wa kulia haubembei, kidole gumba kinasugua cha shahada kama anayehesabu noti. Ugonjwa wa Parkinson. Nisingeweza kuuzuia, lakini miaka ile sita angekuwa chini ya uangalizi, na mkewe asingelala kwa hofu. Bado naifikiria ile vitamini.

Kwa hiyo sikufichi: kwa wengi wenye hali hii, baada ya miaka kadhaa hujitokeza Parkinson au aina fulani ya maradhi ya kusahau. Kwa wengine huchukua zaidi ya miaka 10, na wapo ambao hawayafikii. Mpeleke kwa daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu. Ataje pia kama harufu hazisikii vizuri siku hizi na kama choo kimekuwa kigumu, maana hivyo hutangulia. Aulizwe dawa anazotumia, kwa kuwa baadhi ya dawa za sonona huleta hali kama hii. Zipo dawa za kutuliza mapigano yenyewe, zinasaidia. Usiku wa leo lakini usingoje daktari: lala kitanda kingine, shusha godoro lake chini, ondoa taa ya kioo na meza yenye kona karibu naye.

SWALI: Shikamoo mama daktari. Nina miaka 24. Miaka miwili iliyopita nilipata ajali ya gari, rafiki yangu alifariki, mimi nikapona. Kila nikilala naona zile taa zinakuja upande wetu. Nakaa na simu hadi saa tisa usiku ili nisilale. Siku hizi nakunywa kidogo ndipo nilale. Kuna siku nawaza bora nisiamke tu.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa rafiki yako.

Naanza na mstari wako wa mwisho. Majinamizi ya mara kwa mara humsogeza mtu karibu na mawazo ya kujiua, hata akiwa hana sonona, na yanaposhughulikiwa mzigo hupungua. Leo, kabla hujalala, mwambie mtu mmoja unayemwamini maneno yaleyale uliyoniandikia, usiyapunguze makali. Wazo hilo likigeuka kuwa mpango, usikae peke yako hata dakika. Mwambie akupeleke hospitali usiku huohuo.

Pombe inakudanganya. Nusu ya kwanza ya usiku inazizuia ndoto, nusu ya pili zinarudi kwa deni na riba. Kama umekuwa ukinywa kila siku kwa wingi, usiikate peke yako kwa mkupuo, mwone daktari kwanza.

Lipo jambo la kufanya na ndoto yenyewe, nalo lina ushahidi. Mwaka 2001 Barry Krakow na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya utafiti wa wanawake 168 walionusurika ukatili wa kingono: waliofundishwa njia hii walipungukiwa na majinamizi na wakalala vizuri zaidi. Mchana, ukiwa macho kabisa, unaiandika ndoto, kisha unaibadilisha popote unapotaka, halafu unaipitia ile mpya akilini kwa dakika 10 hadi 20 kila siku. Ile ya zamani huirudii.

Mgonjwa wangu mmoja alikuwa akiota moto, na mlango wa chumba hauna kitasa. Hakubadilisha moto. Aliandika, "Kitasa kipo. Ni cha shaba, kina baridi." Kila alasiri alikaa kitini, akafumba macho, akakishika, akasikia ile baridi kiganjani, akakizungusha. Wiki ya tatu akaniambia ameota moto tena, na mlango ulifunguka.

Usianze na zile taa. Anza na ndoto ndogo isiyokuchoma sana, uizoee njia kwanza, na ukiweza uwe na mshauri wa afya ya akili anayejua kutibu kiwewe. Taa utazifikia ukiwa tayari. Simu iache nje ya chumba. Na baada ya wiki tatu niandikie tena, uniambie ulimwambia nani.