Kabla hujachomelea kona ya bomba, pima mgongo wake

Kona iliyowahi kunitia aibu kuliko zote ilikuwa ya inchi 4, kwenye laini ya maji ya shamba moja la mkonge huko Tanga. Maji yalivutwa mtoni, na masika yakianza yalikuja na mchanga tele. Baada ya miezi minane nikapigiwa simu: "Fundi, bomba lako linarusha maji mpaka kwenye mota." Nikajua mshono umeachia. Nilipofika nikakuta mishono yote mizima. Tundu lilikuwa mgongoni mwa kona, yaani upande wa nje wa mpindo, mbali na mshono, dogo kama la msumari, na chuma kilichobaki pembeni mwake kimeliwa kikawa chembamba kama ganda la yai.

Kosa lilikuwa langu. Bomba nilinunua la skedyuli 40 (skedyuli ni namba ya daraja la unene wa ukuta), ukuta wa milimita 6. Kona nikachukua ya milimita 4, kwa sababu ilikuwa rahisi na kwa nje zilifanana kama pacha. Lazima zifanane: kipenyo cha nje cha bomba la inchi 4 ni milimita 114.3 hata ukuta uwe mnene vipi, unene wote unaongezeka kuelekea ndani. Kwa hiyo dukani usiitazame kona ubavuni. Igeuze, tia venia, kile kipimo cha taya mbili, kwenye ukuta wa mdomo. Skedyuli 40 ikupe milimita 6.02, skedyuli 80 ikupe 8.56.

Lakini mdomo hauelezi habari za mgongo, na mgongo ndio unaopigwa na mchanga. Hapo inabidi ujue kona imetengenezwaje. Zile nzuri zisizo na mshono hutokana na kipande cha bomba chenye kipenyo kidogo kuliko kona yenyewe. Kinavishwa kwenye chuma chenye umbo la pembe ya ng'ombe, kinapashwa moto mpaka kiwe chekundu, kisha kinasukumwa taratibu. Kwa vile kinatanuka huku kinapinda, chuma cha tumboni, upande wa ndani wa mpindo, husogea kuelekea mgongoni, na unene unabaki karibu sawa pande zote. Bomba likikunjwa tu kwa mashine, mgongo unavutika na kukonda, tumbo linanenepa. Kiwango cha Marekani cha viungo vya bomba vya kuchomelea, ASME B16.9, kinaruhusu ukuta upungue asilimia 12.5 tu, yaani kwa skedyuli 40 ya inchi 4 usishuke chini ya milimita 5.27 popote pale. Kwa kazi ya mvuke au maji yenye mchanga, azima kipimo cha unene cha mawimbi ya sauti, ukigusishe mgongoni kabla hujalipa.

Kona kubwa hutengenezwa pia kwa bamba: nusu mbili zinagandamizwa, kisha zinachomelewa pamoja. Sina ugomvi nazo, ila usiache mshono wa kona ukutane na mshono wa bomba kwenye mstari mmoja. Zile za vipande, ambazo fundi anakata bomba mshazari na kuunga, zinafaa maji yasiyo na presha. Kwenye mvuke sizichomelei, hata mteja anibembeleze.

Mpindo nao una aina mbili, mrefu na mfupi. Simamisha kona ya digrii 90 juu ya meza kwa mdomo mmoja, upime kutoka mezani hadi katikati ya mdomo wa pili. Kwa inchi 4, ndefu inatoa milimita 152, fupi 102. Mimi huchukua ndefu. Fupi ni ya mahali nafasi imekunyima, na kwenye upande wa pampu unaovuta usiiweke kabisa.

Bomba dogo likiunganishwa kwa kona ya soketi, yaani yenye kikombe ambamo bomba linaingia, lisukume mpaka ligote, weka alama, kisha lirudishe nyuma milimita 1.6 ndipo uchomelee. Ukiliacha limegota, joto litalitanua halina pa kwenda, na mshono unaweza kupasuka.

Kona iliyopakwa zinki isugue kwa grenda mpaka chuma cheupe kionekane. Moshi wa zinki ulishanilaza na homa usiku mzima, na maziwa niliyokunywa kama tulivyozoea mafundi hayakunisaidia chochote.

Kule Tanga nilirudi na kona ndefu ya skedyuli 80, kwa pesa yangu. Ukuta wake ulizidi wa bomba kwa milimita mbili na nusu, na ngazi kama hiyo ndani ya bomba inavuruga maji, mchanga unaanza kula papo hapo. Basi nikaunyoa mdomo wa kona kwa ndani kwa mteremko mrefu, mpaka kidole kikapita bila kukwaa. Kunyoa peke yake kulinichukua asubuhi nzima, kuchomelea hakukufika hata saa moja.